Njia ya Bibi Penina, Tuliyoifuata Kinyumenyume

Wenzangu wa chuo cha uuguzi, siku niliposafiri mlijaza pole kwenye kundi letu la simu. Wengine mlituma picha za mishumaa, na mmoja wenu akaimba pambio zima kwa sauti yake. Nawashukuru. Pole zilifika, ila marehemu hakuwepo. Mmeniuliza imekuwaje, nami kwenye simu siwezi kumaliza, maana hii si habari ya dakika mbili. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Morogoro, nguo za safari bado zinaning'inia kwenye kamba, nawaandikia.

Kwanza niwaambie kwa nini tulikwenda. Mama Mdogo Salome mnamjua, mdogo wake marehemu mama yangu, aliyekuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu. Mama yao, yaani bibi yangu mzaa mama, aliitwa Penina. Enzi za Mwingereza Bibi Penina aliolewa Iramba, huko ambako leo ni Wilaya ya Mkalama. Mume akafa, akamwachia mabinti wawili: mama yangu aliyekuwa anajua kutembea, na Salome aliyekuwa bado mgongoni. Kwa desturi ilikuwa Bibi arithiwe na shemeji yake. Akakataa. Shemeji akasema basi aende zake, lakini watoto ni wa ukoo. Bibi akambeba mmoja, akamshika mwingine mkono, akakimbilia Kilimatinde alikokuwa ameolewa shangazi yake. Shemeji akamfuata, na shauri likasikilizwa hukohuko mbele ya bwana shauri wa Kiingereza. Bibi akashinda watoto, akakosa shamba. Tangu hapo kila mjane aliyegawiwa na kila binti aliyeozwa kwa nguvu alijua nyumba ya kukimbilia, na Bibi Penina aliwasindikiza barazani kuwasemea. Watu wakamwita Mama Baraza.

Kwa upande wa shemeji hatukurudi tena. Bibi aliwaambia binti zake, "Mguu wenu usikanyage kule mpaka waje kuwaita wenyewe." Hawakuita. Mama yangu alikufa bila kuitwa.

Halafu mwezi wa nne mwaka huu simu ikalia. Mwanamke nisiyemjua, mtandao unakatakata. "Mzee Zefania... mtoto wa yule shemeji... anamwita mdogo wake Salome. Aje haraka... kabla hajaondoka." Nikarudia maneno hayo kwa Mama Mdogo kama nilivyoyasikia. Alikuwa akichambua mchele. Akaweka ungo chini, akasema, "Kumbe anakufa. Twende tukamzike kaka yangu ambaye sijawahi kumwona."

Morogoro hadi Manyoni

Mama Mdogo alitoka nyumbani amevaa kitenge cheusi na kanga nyeusi kichwani, na kwenye begi alikuwa na blanketi jipya la kumfunika marehemu. Treni ya umeme hakuwahi kuipanda. Alipoona tunateleza bila kelele aliniuliza, "Haina hata moshi, mtu utajuaje kama inakwenda?" Akasinzia kabla ya Kilosa, akaamka Dodoma, akanilaumu kwamba nimemficha njia.

Dodoma tukahamia kwenye basi. Karibu na Mama Mdogo alikaa kijana mwenye vidude vya muziki masikioni. Hakutusalimu. Mama Mdogo akamtazama, akasubiri, akamtazama tena, kisha akasema kwa sauti, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kijana alishtuka hadi akavitoa vile vidude. "Shikamoo, bibi! Samahani, bibi."

"Nimeshaitikia. Unakwenda wapi?"

Ikawa mazungumzo mpaka Manyoni. Kijana anafuga nyuki huko Itigi, na alipojua tunakwenda msibani alishuka pale tuliposimama akatununulia karanga za kukaanga na mayai ya kuchemsha. Mama Mdogo alimwombea mke mwema papo hapo, kwa sauti, mbele ya abiria wote. Basi zima likasema amina.

Kilimatinde

Kama tungekuwa na akili za watu wa haraka tungepitiliza moja kwa moja hadi Singida. Lakini Mama Mdogo alisema hawezi kwenda kwa wale bila kumwambia mama yake. Bibi Penina amelala Kilimatinde. Tukapanda Noah kutoka Manyoni, ikapanda kilima kwa kunung'unika.

Wenzangu, mimi nimekulia pale mpaka nilipofika umri wa kuanza shule. Sikuwa nimerudi tangu nikiwa msichana. Niliposhuka, upepo wa pale juu ukanipiga usoni nikaujua. Ni upepo uleule, mkavu, wenye harufu ya vumbi na majani ya kondeni. Nikasogea ukingoni mahali tulipokuwa tukichezea, nikatazama bonde lote chini, pana, la rangi ya shaba, hadi macho yanachoka. Tulipokuwa watoto tuliamini dunia inaishia pale.

Nyumba ya Bibi ilikuwa tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa. Haipo. Pamejengwa nyumba ya bati ya watu wengine, nao walitukaribisha ndani bila kutujua. Nilisimama uani nikapima kwa macho: hapa ndipo palipokuwa na jiwe la kusagia, pale kwenye kuku wao ndipo walipolala wageni. Utotoni sikuwahi kuamka nikakuta nyumba ile ina watu walewale wa jana. Asubuhi ungekuta mwanamke mgeni anakoroga uji, mwingine ananyonyesha, mwingine amekaa tu anatazama ukuta. Bibi hakuwauliza maswali kabla hawajala. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mkwaruzo, na mikono yake daima ilinuka mlenda. Alipotoka na mmoja wao kwenda barazani alijifunga kanga mbili kiunoni, moja juu ya nyingine, nasi watoto tukajua leo kuna shughuli. Jioni akirudi alikaa mlangoni, tukamkanda miguu. Alikuwa akisema, "Leo wamenisikia," au alikuwa akisema, "Leo wamenichoka." Hakuwahi kusema ameshinda.

Karibu na jengo la zamani la boma, ambalo kuta zake bado ni nene kama za ngome, tulinunua asali kwa mama mmoja. Alipomsikia Mama Mdogo anataja jina la Penina, alipiga makofi. "Mama Baraza? Mie bibi yangu alikimbilia kwake! Yule mama alikuwa kiboko. Alimjibu mzungu kwa Kiingereza, mzungu akadondosha kofia!"

"Mama yangu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji," Mama Mdogo akasema.

"Alikijua, sema aliwaficha," akajibu muuza asali, na hakukubali kusahihishwa. Alituongezea asali nyingine kwenye chupa ya soda, akasema hiyo ni ya bibi yake.

Makaburini nyasi zilikuwa ndefu kwa sababu ya mvua. Mama Mdogo hakupiga magoti, magoti yake hayakubali tena. Alisimama akishikilia msalaba wa saruji, akazungumza Kinyiramba, halafu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Mama, wametuita wenyewe. Usije ukasema tumejipeleka."

Ikungi, tulikopewa jogoo

Kesho yake tulipanda basi la kwenda Singida. Kabla kidogo ya kufika Ikungi kikasikika kishindo chini ya sakafu, basi likayumba, likasimama. Dereva akaingia uvunguni, akatoka na uso wa mtu aliyepewa habari za nyumbani. Kifaa kilitakiwa kiletwe kutoka Singida mjini. Ilikuwa siku ya mnada Ikungi, kwa hiyo abiria tuliona afadhali tutembee taratibu hadi kwenye watu kuliko kukaa juani.

Tukaingia kwenye banda la mama ntilie aliyeitwa Mwanahamisi. Ugali wa uwele, mlenda, na kuku wa kienyeji aliyechemshwa mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Nilipotia tonge mdomoni niliacha kutafuna. Ugali wa uwele una uchachu fulani na unakwaruza ulimi kidogo, na mimi kwa miaka yote ya sembe ya Morogoro nilikuwa nimesahau kwamba nilishawahi kuupenda. Mama Mdogo aliniona. "Umemkumbuka bibi yako," akasema.

Mwanahamisi alipouliza tunakoelekea, Mama Mdogo akajibu kwa heshima zote, "Tunakwenda kumzika kaka yangu, huko Mkalama."

"Inna lillahi," akasema Mwanahamisi, akaweka mwiko chini. "Alikuwa anaumwa?"

"Sijui. Sijawahi kumwona."

Watu wa banda zima waligeuka. Ikabidi Mama Mdogo aeleze, na akieleza habari za mama yake hajui kufupisha. Mpaka anamaliza, mzee mmoja mfugaji alikuwa ameacha kula. Akasema kwao pia, upande wa Unyaturu, kulikuwa na bibi aliyekwenda kwa miguu mpaka Kilimatinde akarudi na mwanawe. "Sisi tuliambiwa huko kuna mwanamke anayeua mashauri kwa kuyatazama tu," akasema. Nikafikiri, Bibi yangu ana sura ngapi?

Tulipotaka kuondoka Mwanahamisi alikataa malipo. Zaidi ya hapo akaingia nyuma ya banda, akatoka na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. "Msiba hauendewi mikono mitupu. Mkafike mkawapikie waombolezaji." Nikajaribu kukataa. Mama Mdogo akanikanyaga mguu. Hivyo ndivyo tulivyoondoka Ikungi tukiwa watatu.

Singida mjini

Basi lilipotengenezwa tuliingia Singida jua likiwa limelala juu ya ziwa, na yale mawe makubwa ya mji yalikuwa na rangi ya mkate uliotoka tanuri. Tukapata nyumba ya wageni ambako mhudumu alikubali jogoo alale bafuni. Nikapiga simu Mkalama kuwaambia tumechelewa. Aliitika yuleyule mwanamke. Nikamuuliza hali ya mzee.

"Yuko tayari," akasema, sauti ikija na kupotea. "Gari limeshapatikana... linakuja baada ya siku tatu kumchukua... Shangazi awahi, watu wameanza kukusanyika."

Nikakata simu. Nikamwambia Mama Mdogo, "Ameshafariki. Gari la kumbeba limepatikana."

Hakulia. Alikaa kitandani, mikono mapajani, macho dirishani ambako wasichana wawili walikuwa wakipita na ndoo wakicheka. "Miaka yangu yote," akasema, "nimekuwa nikimtengeneza huyu mtu kichwani. Mara mwembamba, mara mnene. Mara ananifukuza, mara ananipa kigoda. Sasa nitamwona amelala, na hataniambia ni yupi."

Nikamuuliza kama anataka turudi Morogoro. Akanikatalia kwa jicho. Asubuhi alikuwa ameamka kabla yangu, amefunga kilemba cheusi upya, anamlisha jogoo punje za mahindi.

Iguguno na korongo

Kutoka Singida mjini hadi Iguguno ni lami, na pande zote mbili alizeti zilikuwa zimechanua. Mama yangu alikuwa akituambia kwao kuna uwele, mtama na viazi. Alizeti hizi hakuziona. Nilitamani kumwonyesha. Nilijikuta namsimulia kimoyomoyo: mama, sasa kwenu kumekuwa njano.

Iguguno tulishuka tukapakiwa nyuma ya pikapu iliyokuwa na magunia matupu ya vitunguu. Kijiji chenyewe sitakitaja, wenyewe waliniomba. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye korongo. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na korongo ambalo dereva alisema asubuhi alilivuka kavu lilikuwa linashuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba magogo.

Tukasubiri. Walikuwepo wengine wanaosubiri, ng'ambo hii na ng'ambo ile, wanapiga kelele kusalimiana juu ya maji. Mama mmoja alikuwa na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, tukatafuna hivyo kwa asali yetu ya Kilimatinde. Mama Mdogo hakula. Alikuwa akitazama upande wa pili. Alisema, "Mama alivuka hapa na mimi mgongoni. Hakuna njia nyingine." Kisha akamuuliza yule mama wa michembe kama korongo hili zamani lilikuwa na daraja. Yule mama akacheka: hata sasa halina.

Maji yalipopungua kufika magotini, wanaume walimbeba Mama Mdogo kwenye kiti cha plastiki, amekumbatia jogoo, kanga nyeusi zinapepea. Watu wa ng'ambo walipojua ni mfiwa, wakavua kofia.

Nyumbani kwa wale

Sasa niwaambie aibu yetu.

Kwa desturi mfiwa haingii kimya uani. Tulipoona mji wa Mzee Zefania, yaani nyumba zake na ua wake, na watu wamekaa kwenye mikeka, Mama Mdogo alinipa jogoo, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kwa sauti ya juu, "Kaka yangu! Kaka yangu umeondoka bila kuniona!" Nami nikamfuata, nikilia kwa dhati, maana nilikuwa nimebeba machozi hayo tangu Kilimatinde.

Watu wa mikekani wakasimama. Wanawake wawili, bila kujua nani amekufa, wakaanza kulia nao. Kisha kutoka nyuma ya nyumba akaja mzee mrefu, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina povu la sabuni, taulo shingoni.

"Nani amekufa?" akauliza kwa hofu.

Kilio kikakatika. Mama Mdogo alimtazama povu, taulo, miguu. "Wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi Zefania. Na wewe?"

"Mimi Salome binti Penina. Nimekuja kukuzika."

Yule mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia nguzo ya ghala, povu likamwingia jichoni, na Mama Mdogo, ambaye sijamwona akicheka hivyo tangu mama afe, alikaa chini palepale uani na kilemba chake cheusi akacheka mpaka akalia tena. Wakashikana mikono, wazee wawili, hawaachiani.

Tukaelezwa. Mjomba Zefania hakuwa anaumwa. Alikuwa anahama. Mwanawe mkubwa, Elia, mfanyabiashara Tabora, alikuwa akimchukua akaishi naye, na gari lilikuwa la kuhamisha vyombo. Aliyetupigia simu alikuwa binti yake Marieta, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mashavu yaliyoingia ndani. "Nilisema kabla hajaondoka," akasema, akijifunika uso. "Sikufikiri mtasikia vile." Jogoo alichinjwa jioni ile, na blanketi la marehemu Mjomba alilichukua mwenyewe, akasema atalitumia Tabora, kule kuna baridi ya Julai.

Tulipokuwa tukila ndipo Mjomba alipofungua la moyoni. Mume wa Marieta alikufa mwaka jana. Ndugu wa mume walimfukuza na watoto watatu, akarudi kwa baba. Sasa baba anahama, na Elia na mdogo wake Yeremia wanataka kuuza shamba na mji. Marieta hana pa kwenda. Kesho ni kikao cha ukoo.

"Wewe ndiye shangazi pekee aliyebaki hai katika ukoo huu," Mjomba akamwambia Mama Mdogo. "Shangazi akisema, hata mwanamume mwenye ndevu anakaa. Ndiyo maana nimekuita."

Mama Mdogo aliacha kula. "Kwa hiyo hamkuniita mimi. Mmeita shangazi."

"Nimeita wote wawili," akasema Mjomba.

Nikamwuliza kama baba yake aliwahi kuzungumzia shauri la Kilimatinde. Alikubali kwa kichwa. Alisema baba yake hakumtaja Bibi kwa jina, alimwita "yule wa Kilimatinde", lakini uzeeni alipenda kulisimulia lile shauri kuliko habari nyingine yoyote.

"Baba alisema yule mama aliongea maneno mengi mbele ya bwana shauri. Karani akatafsiri kidogo tu. Mzungu akaitikia, akataka kufunga shauri. Yule mama akamgeukia karani akamwambia, 'Maneno yangu yalikuwa marefu, yako yamekuwa mafupi. Yaliyobaki yako wapi?' Karani akakasirika. Yule mama akafukuzwa mle ndani. Basi yeye akakaa mlangoni mwa boma na mtoto mgongoni. Kila asubuhi bwana shauri akitoka anamkuta, kila jioni akirudi anamkuta. Hapigi kelele. Baba alisema askari wa boma walianza kumpitishia maji. Mwisho mzungu akaita mwalimu wa misheni aje atafsiri upya. Na huyo mwalimu alitafsiri yote."

"Alisema nini, hayo maneno marefu?" akauliza Mama Mdogo.

"Baba alikumbuka moja. Alisema, 'Sikatai ukoo. Nakataa kugawiwa.'" Mjomba akafuta kidole kwenye ukingo wa sahani. "Baba alikuwa akimaliza hivyo, anatikisa kichwa. Sikuwahi kujua kama anamlaani au anamsifu."

Mama Mdogo alikuwa yule mtoto wa mgongoni. Maisha yake yote hakuwa amesikia habari hiyo, maana mama yake hakuwahi kuisimulia. Tulijua alishinda shauri. Habari ya jinsi alivyoshinda alikuwa nayo adui.

Kikao

Tulikaa uani asubuhi, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mama Mdogo akaomba kiti, akaletewa.

Elia si mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Amevaa vizuri, anaongea taratibu, na alimsalimia shangazi yake kwa kuinama mpaka chini. Alisema dada akishaolewa ana kwao kwingine. Kwamba kule alikoolewa ndiko anakopaswa kudai. Kwamba yeye atampa Marieta mtaji wa duka. Yeremia akaunga mkono. Wazee wakanung'unika wakikubali. Marieta alitazama vidole vyake vya miguu.

Mama Mdogo akaanza kusema. Sauti ilikuwa ndogo, wengine wakasogea. "Mimi nimepikia watoto wa shule, sijui hotuba. Elia, wewe umekulia hapa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kisima kiko wapi?"

Akaonyesha kwa mkono.

"Mimi nimezaliwa kwenye mji huu na sikijui. Baba yangu amezikwa hapa. Kaburi lake nimeonyeshwa leo asubuhi na huyu Marieta, maana ndiye anayelipalilia. Nimezeeka nikiwa mgeni kwa baba yangu, na mama yangu alishinda shauri! Sasa huyu ana watoto watatu. Mnataka na wao waje hapa siku moja na nywele nyeupe, wanauliza kisima?"

Yeremia akakohoa. Kisha Elia, nadhani bila kukusudia ubaya, kwa kutaka tu mambo yaeleweke, akauliza, "Shangazi, kwani na wewe unadai sehemu yako?"

Wazee wote wakamgeukia. Mama Mdogo hakuja kudai kitu. Naapa hakuwa amewaza. Nilimwona akiligeuza lile swali usoni kama mtu anayepima chumvi.

"Ehe," akasema. "Nadai."

"Wapi, shangazi?"

"Hapo anapolala Marieta. Chumba hicho na shamba linalokizunguka. Nitakaa naye. Mkitaka kuuza, uzeni, lakini muuzieni mnunuzi pamoja na shangazi yenu ndani."

Mjomba Zefania aliinama. Nilidhani anasikitika, kumbe anaficha meno. Wazee wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mmoja, aliyekuwa amemuunga mkono Elia, akasema kwa sauti kwamba ukoo ukimtoa shangazi kwenye mji wa baba yake mara ya pili, yeye hatakuwepo kuona mvua itakayokuja. Elia alisugua uso kwa viganja. Wakabishana mpaka chakula kikapoa.

Mwisho waliafikiana hivi. Mji na shamba la karibu havitauzwa. Ni vya shangazi, na baada yake ni vya Marieta na wanawe, na hilo likasemwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Shamba la bondeni, ambalo ndilo zuri zaidi, litauzwa. Marieta alilisikitikia hilo la bondeni, nilimwona. Hakupata yote.

Kurudi

Nilidhani ule ulikuwa ujanja wa kikao tu. Asubuhi gari la Tabora lilipokuja, nikafunga mabegi yetu mawili. Mama Mdogo akalifungua lake. Akatundika nguo zake kwenye msumari, moja moja.

"Mama Mdogo, jamani. Dawa zako za presha? Kliniki?"

"Nduguti pale wilayani kuna hospitali. Wewe si nesi? Waandikie."

"Na nyumba yako Morogoro?"

"Wape wale wapangaji wangu waendelee. Binti, nikiondoka leo, kesho watauza. Hilo la kwanza." Akaketi kitandani kwa Marieta. "Na la pili, sijawahi kulala kwa baba yangu zaidi ya hizi siku. Nataka nijue jua linatokea dirisha gani."

Mjomba Zefania alipanda gari amejifunika lile blanketi. Kabla hawajaondoka alimwita Mama Mdogo dirishani, wakaongea Kinyiramba kwa kirefu, vichwa vimegusana. Sikuwaingilia. Mimi nilipewa lifti hadi Iguguno, korongo likiwa kavu kabisa kana kwamba halijawahi kumtisha mtu.

Njia nzima ya kurudi nilikaa peke yangu kwenye viti viwili. Nikanunua karanga Manyoni, nikamtolea mtu asiyekuwepo. Nilimlilia, nakiri, na nilimlilia Bibi na mama yangu pamoja naye, lakini hakikuwa kilio cha msiba.

Jana amenipigia. Uwele umekomaa, kweleakwelea wamevamia, na yeye na watoto wa Marieta wanashinda kondeni wakipiga madebe. Sauti imemkauka kwa kupiga kelele, anasema amekuwa na sauti kama ya mama yake. Nikamwuliza, "Mama Mdogo, utarudi lini?"

Kelele za ndege na madebe zikasikika nyuma yake.

"Wapi?" akauliza.